Kibali cha Saa za Usiku

Baba yangu alikuwa muadhini wa msikiti pale Kibiti, na mume wangu alikuwa mwenye kilabu cha pombe. Kati ya mlango wa msikiti na ua wa kilabu palikuwa na duka la Mhindi na nyumba ya jirani yetu mmoja, basi. Ukitaka kujua aibu yangu ilikuwa na ukubwa gani, pima hapo.

Nilipoolewa kilabu hakikuwapo. Kingekuwapo, nisingeolewa. Mume wangu alikuwa kijana wa kulima mpunga bondeni kama vijana wengine wa kwetu, mpole, hakosi sala, na baba ndiye aliyempenda kabla yangu. Kisha akaingia jeshini, ile vita ya Mwingereza na Mjapani, wakampeleka Burma. Alikaa huko mpaka watu wakaacha kuniuliza habari zake, maana walikwishachoka kunipa pole. Akarudi siku moja juu ya lori la magunia, amevaa koti zito la jeshi katika joto lile la kwetu, akanitazama kama mtu anayekisia. Mimi nililia kwa furaha. Yeye alitabasamu, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Mchana alikuwa yule yule. Alikwenda shamba, aliezeka upya paa la jiko, alimsaidia baba kupaka chokaa kuta za msikiti. Usiku ndipo nilipogundua kwamba halali. Nilikuwa nikizinduka namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, uso wake mlangoni. Siku nyingine simkuti kabisa. Yuko uani, pekupeku, anazunguka jiko bila kutoa sauti. Mwanzoni nilidhani ana mwanamke. Nikamvizia, nikaona hana safari yoyote, anazunguka tu. Nilimwuliza, hakunijibu. Nilimwuliza tena na tena, kwa upole, mpaka asubuhi moja akasema mwenyewe. Tulikuwa jikoni, mimi napeta mchele, yeye anaitazama mikono yangu.

"Kule msituni wadudu wanapiga kelele usiku kucha," alisema. "Wakinyamaza, ujue kuna mtu anakuja. Sasa hapa kwetu kukinyamaza na mimi namsubiri huyo mtu."

Nilimwambia tumweleze baba, amwandikie kombe, amsomee. Akanishika mkono, na ungo ukatikisika.

"Usimwambie baba. Usimwambie mtu yeyote. Watasema nimerudi na wazimu."

Akaniapisha. Nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mikono imejaa pumba za mchele.

Kilabu kilianza bila ya mtu kukusudia. Wenzake wawili watatu waliorudi vitani wakawa wanakuja barazani kwetu jioni, na mmoja wao akaja na kibuyu cha tembo la mnazi. Mume wangu hakunywa. Hakuwahi kunywa, hata huko jeshini, hata mpaka siku anakufa, na hilo ndilo watu hawakutaka kuliamini. Alikaa nao tu, mgongo ukutani. Nilipotoka kuwapelekea taa nikamkuta amelala. Watu wanacheka kando ya sikio lake, mmoja anaimba nyimbo za gwaride, naye amelala, mdomo wazi. Nilirudi ndani kwa kunyata. Siku hiyo na mimi nililala.

Yeye alielewa kabla yangu. Mtu aliyekosa usingizi namna ile, hata angeambiwa unapatikana jalalani angekwenda kuulala huko. Serikali wakati huo haikutaka pombe iuzwe ovyo majumbani. Ilitaka iuzwe mahali penye ua, kwa leseni, na saa zake zijulikane. Mume wangu akaenda Utete kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, naye, kwa kuwa alikuwa akiwapenda sana watu waliopigana vita, akampa leseni. Alijenga ua wa makuti nyuma ya nyumba yetu. Tembo alinunua kwa wagema, na pombe ya mtama ikapikwa na mama mmoja kutoka bara aliyekuwa akikaa pembeni mwa mji. Mimi sikugusa kitu. Nilimwambia sitachota, sitapika, wala sitaosha vibuyu, akasema hakunioa kwa kazi hiyo.

Leseni ilisema kilabu kifungwe jua likitua. Lakini jua likitua ndipo haja yake ilipoanza. Kwa hiyo akawa anakwenda kwa jumbe wa mji wetu kumwomba ruhusa ya usiku: leo malori yamekwama, kesho kuna ngoma, kesho kutwa wageni wa arusi. Jumbe hakuwa na ubaya na mtu, na yeye mwenyewe hakuwa akipita pale na kiu akaondoka nayo. Ruhusa ya usiku mmoja ikawa ya wiki, na mwishowe hapakuwa na aliyekumbuka kuomba wala kuombwa.

Hapo ndipo aibu ilipoanza kuja kwangu, kidogo kidogo, kwa milango tofauti.

Kisimani wanawake walikuwa wakiongea, nikifika wanaangalia ndoo zao. Hawakunitukana. Laiti wangenitukana ningekuwa na la kujibu. Waliniamkia, waliniuliza hali, wakanipisha niteke kwanza kama mgeni au mgonjwa, na nikigeuka na maji yangu kichwani nilisikia maneno yakianza tena nyuma yangu.

Msikitini ilikuwa mbaya zaidi. Walevi wengine hawakufika makwao. Walilala barazani kwa Mhindi, na wengine walijikokota mpaka kwenye birika la kutawadhia, kwa kuwa pana ubaridi. Baba alikuwa akienda kuadhini gizani anawaruka. Hakuniambia. Niliambiwa na watu, na nilipoambiwa nikawa naamka mapema nakwenda kusafisha, maana niliona bora nijifiche gizani na kazi hiyo kuliko kuisikia inasimuliwa. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti nasugua ngazi ya birika kwa kumbi la nazi, matapishi ya mtu, na baba akatokea na taa yake. Nilitamani ardhi inimeze. Aliiweka taa chini.

"Acha, mwanangu," alisema. "Katawadhe, utachelewa sala."

Akachukua lile kumbi mkononi mwangu, akapiga magoti yeye.

Jirani yetu, yule wa kati yetu na duka, alikuwa mwanamke mjane anayemwuguza mama yake. Bibi huyo alikuwa amekwisha, hana ila pumzi. Ukuta wa chumba chake na ua wa kilabu vilikaribiana hata ungeweza kupitisha chumvi dirishani. Mara mbili jirani alinijia kuniomba nimwambie mume wangu wapunguze sauti, na mara mbili nilimwambia, na yeye akawaambia watu wake, nao wakapunguza mpaka walipoanza kulewa. Bibi akafariki usiku mmoja huku upande wa pili wanaimba na kupiga makopo.

Mume wangu alikifunga kilabu siku zote za matanga. Alichimba kaburi kwa mikono yake, hakumwachia mtu jembe. Mimi nilijifunga kanga nikaenda kwenye kilio kama inavyopasa. Nilipoingia, mikeka ilikuwa imejaa na hakuna aliyesogea. Nikaenda uani kwenye kupika, nikauliza nishike nini. Wakaniambia kila kitu kina mtu wake. Nilikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, mpaka watu walipotawanyika. Sijapata kukaa mahali kwa muda mrefu namna ile. Mwenye msiba alipita mbele yangu na sufuria ya uji, akanipa bakuli kama alivyowapa wengine, hakunitazama usoni. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kilabu kifungwe, kifungwe kabisa, ama nirudi kwa baba.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema ameiona aibu, na kwamba kosa lake ni kufanya mambo kwa kujificha, kwa ruhusa za mdomo za jumbe. Atakwenda kwa Bwana Shauri aombe kibali halali cha saa za usiku, mpaka saa sita, na ataweka mtu wa kuwatoa walevi na kuwapeleka makwao, na ua ataujenga upande wa pili wa kiwanja, mbali na ukuta wa jirani. Alikuwa ameyafikiri yote. Alizungumza haraka, na macho yake yalikuwa mekundu, maana tangu matanga yaanze hakuwa amelala. Sikurudi kwa baba. Ningemwachaje akiwa hivyo?

Tarishi akazunguka mji na kutangaza. Mwenye leseni anaomba kibali cha usiku. Mwenye neno la kupinga aje barazani siku Bwana Shauri atakapovuka mto kuja Kibiti. Kwa hivyo jambo ambalo watu walikuwa wakilisema kwa kunong'ona sasa lilipigiwa mbiu sokoni, na jina la mume wangu likatajwa kwa sauti ya tarishi mbele ya duka, mbele ya msikiti, na mbele ya nyumba ya mfiwa.

Baba alikuja kwangu baada ya sala ya Ijumaa, mume wangu akiwa shamba. Hakutaka kukaa. Alisema atasimama siku ya baraza na atasema, kwa sababu akinyamaza ataachaje kuona haya kupanda kuadhini na kuwaita watu wa mji ule ule. Lakini alitaka kwanza kujua.

"Kijana huyu namjua," alisema. "Hanywi. Havai vizuri kuliko zamani. Hajaongeza mke. Sasa usiku anautakia nini? Niambie sababu, mwanangu. Kama ipo, nitajua la kusema."

Nilikuwa nimeapa. Nilimwambia sijui, baba. Mimi mtoto wa muadhini nikamdanganya muadhini, nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha mlango wangu, naye akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Nadhani alijua kwamba nadanganya. Alikuwa amenilea peke yake tangu mama alipofariki. Uongo wangu aliuzoea tangu una meno ya utoto.

Siku ya baraza watu walijaa mpaka nje. Ilikuwa mwanzo wa masika, kila mtu ana tope miguuni. Bwana Shauri aliketi mezani, jumbe ubavuni kwake. Alikuwa Mzungu kijana kijana, Kiswahili chake kilikuwa safi na kigumu, kama mtu anayetembea kwa viatu vipya. Sisi wanawake tulikaa kando juu ya mkeka, na safari hii nilipishwa nafasi, kwa sababu kila mtu alitaka kuniona vizuri.

Mume wangu alikuja na lile koti lake la jeshi. Alisimama wima, mikono ubavuni.

Mhindi mwenye duka alitangulia kusema. Alisema hana ugomvi na mtu, kila mtu ana biashara yake, lakini kila asubuhi akifungua mlango anakuta mtu amelala, na mkewe usiku hathubutu kutoka kwenda chooni kwa sauti za wanaume nyuma ya uzio. Akafuata jirani. Yeye hakusema mengi. Alisema mama yake amekufa hasikii kalima inayosomwa sikioni kwa sababu ya kelele. Kisha akaketi, akajifunika kanga uso.

Bwana Shauri akamwuliza mume wangu kwa nini asitosheke na saa za mchana. Mume wangu akajibu kwamba ni kwa ajili ya wasafiri wa malori wanaoingia usiku.

"Masika haya hakuna lori linalopita usiku," alisema Bwana Shauri.

Watu wakacheka. Nyuma kuna aliyesema ni tamaa, na mwingine akasema laana, na jumbe akawanyamazisha bila kumtazama yeyote, kwani na yeye alikuwa na hofu jina lake lisije likatajwa.

Ndipo baba akasimama. Nilitazama chini.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Si mlevi, wala hajanivunjia adabu hata mara moja, nasema hivyo ili isije ikadhaniwa tuna ugomvi wa nyumbani. Lakini naingia kuadhini nikiwaruka watu. Nimeuliza sababu, nimemwuliza hata binti yangu. Sikupewa. Mtu akiwaudhi majirani zake kwa sababu, tutakaa naye tuitazame sababu. Huyu hana. Basi mimi nasema asipewe."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama juu ya kichwa cha Bwana Shauri, mbali, na shingo yake ilikuwa inatetemeka kidogo pale kola ya koti ilipogusa. Watu wote wale, na mle ndani mlikuwa kimya. Nilielewa nini kinamsumbua kuliko wao wote. Walikuwa wanamwona mwenye tamaa, mtu aliyeuza dini yake, muuaji wa bibi wa watu, naye alikuwa radhi waamini yote hayo kuliko wajue lile moja.

Sikumbuki kuamua kusimama. Nakumbuka mwanamke wa pembeni yangu akinivuta kanga.

"Sababu ipo," nilisema. "Mume wangu halali, bwana. Tangu atoke vitani, kukiwa kimya halali. Anazunguka uani mpaka kunakucha. Watu wakiongea karibu yake ndiyo anapata usingizi. Hataki pombe wala mali. Anataka kulala."

Mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akacheka kicheko kifupi puani, akajizuia. Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Alimtazama mume wangu kwa namna nyingine, na nadhani alikuwa na jambo jema la kumwambia.

"Ni kweli?" alimwuliza.

"Si kweli, bwana," mume wangu akajibu, kwa sauti ya gwaride, wazi, kila mtu asikie. "Mke wangu amekosea. Mimi ni mzima na nalala vizuri. Naomba kuliondoa ombi langu."

Akageuka. Watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji, akatoka.

Nilibaki nimesimama. Kiapo nimekivunja mbele ya watu, na watu hao hao wameambiwa mimi ni mwongo. Sikuwa na pa kuweka macho. Nilipoyainua yakakutana na ya baba, na baba alikuwa ameweka mkono kwenye paji la uso kama mtu aliyekumbuka kitu. Yeye aliniamini. Hilo nililiona, na halikunisaidia.

Nyumbani hakunigombeza. Nilimpakulia chakula, akala, akasema asante. Nilipoanza kusema akainua mkono taratibu, nikanyamaza. Jioni aliuvunja ua wa makuti mwenyewe, akayapanga makuti vizuri kando ya ukuta wa jirani, ili amwachie ayatumie kuezekea. Wale wenzake walikuja, wakakuta mlango umefungwa, wakaondoka. Kulipoingia kiza mji mzima ulikuwa kimya, kimya kile ambacho kila mtu alikuwa amekidai.

Baada ya sala ya isha baba akabisha hodi. Alikuwa amejitwika mkeka wake.

"Nimekuja kukaa," alisema.

"Karibu, baba," mume wangu alijibu. "Shikamoo."

Wakakaa barazani, mimi nikiwa ndani nyuma ya mlango. Muda mrefu baba alizungumza mambo ya mpunga na nguruwe wanaoharibu mashamba. Kisha, kwa sauti ile ile ya mpunga na nguruwe, akaeleza habari ambayo mimi binti yake sijawahi kuisikia. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipofika Rufiji alikuwa kijana, akashikwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Watu wa mbele yake katika msafara walikuwa wakianguka, na wao wa nyuma wanaambiwa wapite. Wengine walipita juu yao huku wangali wanaomba maji. Aliporudi, alisema, hakuwa akilala. Imamu wa wakati huo akamwona anazungukazunguka msikitini gizani, akamwambia kama yuko macho basi awaamshe na wengine. Ndivyo alivyoanza kuadhini.

Nilishika kifua changu nisisikike nikipumua.

"Mimi nalala, baba," mume wangu alisema.

"Najua unalala," baba alisema.

Akaendelea kukaa. Hakuondoka pale mpaka saa ya adhana ilipofika, na alipoadhini sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya kukesha. Alikuja usiku uliofuata, na uliofuata tena. Mume wangu hakumfungulia moyo, lakini hakumkataza, na mara mojamoja, baba akiwa katikati ya maneno, niliona kichwa cha mume wangu kinaegemea ukuta. Jirani zetu wengine walijua baba anakuja kwetu kufanya nini. Hakuna aliyemfuata. Siwalaumu; ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba nilidanganya, kwa sababu vinginevyo wangepaswa kufanya kitu.

Masika yalipokaza baba alishikwa na kifua. Nilimwona anavyokuja kwenye mvua na mkeka wake kichwani, mtu mzima wa umri ule, nikatamani kumwambia asije na nikatamani asikose. Mume wangu ndiye aliyekata shauri. Asubuhi moja alifunga vitu vyake, akasema anakwenda deltani kukata boriti za mikoko, kuna kambi upande wa Nyamisati wanatafuta watu. Leseni aliirudisha kwa jumbe. Kwa baba alikwenda kuaga, akabusu mkono wake. Mimi aliniambia nivune mpunga kwanza, kisha nikitaka nimfuate.

Nilifunga saumu ya kafara ya kiapo changu, baba alinielekeza namna yake. Halafu nikavuna, nikamfuata.

Kule kambini watu waliishi kwa maji. Maji yakipwa saa yoyote ile wanaingia matopeni na mashoka. Yakijaa wanaelea na boriti zao mpaka kwenye vyombo. Wakati wote, mchana na usiku, yupo anayepika, yupo anayenoa shoka, yupo anayemwita mwenzake ng'ambo ya mfereji. Siku ya kwanza kufika nilimkuta mume wangu amelala mchana kweupe kwenye kibanda kisicho na kuta, watu wanabishana juu ya kichwa chake kuhusu kamba. Alikuwa amenenepa. Nilikaa kando yake mpaka alipoamka, akaniuliza kama mpunga ulikuwa mzuri.

Tuliishi huko miaka mingi, tukazaa huko. Alikuwa mume mwema. Alinieleza habari za miti, mamba, wanunuzi, safari za watu wengine, lakini habari zake mwenyewe za ndani hakunieleza tena. Mlango ule ulifunguliwa mara moja tu, jikoni, siku ya mchele, na mimi nikauacha wazi watu wakaingia. Nikimwuliza anawaza nini alisema hawazi kitu. Kibiti hakurudi, hata baba alipofariki. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa sanda aliyoinunua mwenyewe, akageuka.

Jirani yetu nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Alikuwa anakwenda Mafia kwa mtoto wa ndugu yake, akafika Nyamisati na kukuta chombo hakijajaa. Mtu akamwambia niko pale, akanitafuta. Nilimpikia chai. Tuliulizana hali, tukaulizana waliozaliwa na waliokufa. Nilikuwa nasubiri, na mwisho akauliza.

"Siku ile ya baraza, shoga yangu, ulisema kweli?"

Mume wangu alikuwa hatua chache kutoka pale, ametupa mgongo, anafunga boriti. Sikujua kama anasikia.

"Nilikosea," nilisema. "Mume wangu alilala vizuri tu."

Alinitazama sana, safari hii usoni. Akapuliza chai yake.

"Mama aliniuliza usiku ule hao wanaoimba ni akina nani," alisema. "Alikuwa hajafunga macho bado. Nikamwambia ni arusi. Akaniuliza arusi ya nani, nikamtajia mtu tu, na yeye akataka kujua kama bwana arusi anatoka nyumba njema. Sikulisema hilo barazani."

Sikujua kama ananisamehe au ananitua mzigo mwingine. Nilitaka kumwuliza, ila wakaanza kuita abiria wa Mafia. Nilimbebea kikapu chake mpaka ukingoni, tukaagana, akapandisha kanga juu ya magoti na kuingia majini. Niliporudi mume wangu aliuliza yule mama alikuwa anataka nini. Nikamwambia alipita kusalimu.